Jinsi ya Kuimaliza Siku ya Saa 25

Kwanza, kubali hesabu. Ukivuka Atlantiki kwa Queen Mary 2 kutoka Southampton kwenda New York, kwa kawaida safari huchukua usiku 7, na katika 5 kati ya hizo saa hurudishwa nyuma saa moja. Ndege ingekufikisha kwa saa nane hivi. Wewe umelipia wiki nzima ya kukaa, na juu yake umepewa saa 5 za nyongeza. Usizipoteze kwa kufanya jambo la maana.

Amka alfajiri ukawahi kiti. Viti vya kujilaza sitahani havitoshi makalio yote, kwa hiyo tandika taulo, weka kofia na kitabu kinene juu yake, kisha rudi kulala. Tangazo la kukataza mchezo huo utaliona. Lisome kwa heshima. Jua lenyewe usilitegemee. Hii ni Atlantiki ya Kaskazini: utajilaza ukiwa umejifunika blanketi hadi kidevuni, meno yakigongana, huku ukimwambia jirani kwamba hewa ni safi sana.

Baadaye tembea. Sitaha ya 7 inaizunguka meli yote, na mizunguko 3 inakaribia kilomita 2. Shida ni kwamba wenzako nao wanazunguka, wengine kwa upande wa pili, na mtapishana mpaka salamu ziwaishie. Mara ya kwanza toa salamu kamili, ya pili tabasamu, ya tatu tazama maji kana kwamba umeona nyangumi.

Saa sita mchana nahodha husema kwenye vipaza sauti meli ilipofika, mwendo wake na hali ya upepo. Shika tarakimu moja tu, uirudie mezani kwa sauti ya mtu aliyepima mwenyewe. Hapo lazima atokee mmoja wa kutaja Titanic, iliyozama 1912 katika bahari hii hii. Usibishane naye. Msogezee keki.

Ukichoshwa na binadamu, panda juu kwa mbwa. Meli hii hubeba mbwa na paka, ina vibanda 24 na mhudumu wao maalumu, na wamewekewa nguzo ya taa ya Kiingereza na bomba la zimamoto la Kimarekani ili kila mbwa ainue mguu kizalendo. Chini huko, mabwana na mabibi zao wamepanga foleni kuingia katika ukumbi wenye kuba, wakaoneshwe darini nyota ambazo usiku ziko nje, hazina kiingilio.

Alasiri ni chai, inayoletwa na wahudumu waliovaa glavu nyeupe. Sandwichi za tango ni nyembamba mno kwa mtu aliyekuzwa kwa mihogo na maharage ya nazi. Chukua sita, na usimtazame mhudumu usoni.

Jioni nyingine ni za mavazi rasmi: suti nyeusi, tai ya kipepeo, gauni la kuburuza, na meza ya wageni wanaotaka kujua kazi yako na bei uliyolipia chumba. Asiyetaka kuvaa hivyo huelekezwa kwenye bafe, akajipakulie mwenyewe mara nyingi apendavyo, bila kuulizwa lolote. Adhabu hiyo iombe mapema.