Ile Hela

Fundi seremala kaniita bwege. Shemeji yangu kaniita zuzu. Na kijana wa bodaboda pale kijiweni, ambaye nimemzidi miaka thelathini, kaniwekea mkono begani akasema, "Pole mzee, umepigwa." Yote siku moja, na yote kwa shilingi 45,000.

Chanzo ni ile meseji. Kila Mtanzania mwenye laini anaijua: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja..." Haina salamu wala haijitambulishi. Wenzangu wote huisoma, wakacheka, wakaifuta. Mimi nikaitii. Lakini jamani, nilikuwa nadaiwa na fundi hela ya kitanda, na asubuhi hiyohiyo alishanipigia mara tatu. Kuona "ile hela", nikajua ndiyo ile. Jina likaja la mwanamke. Nikasema moyoni, si ajabu, fundi ana mke.

Sasa nyie mnaocheka, hebu tuelewane. Tangu Uhuru tunaambiwa maadui wa taifa ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mwalimu Nyerere akaufanya mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na bibi yangu, Mungu amrehemu, akaenda ngumbaru na daftari lake kwapani, akarudi anasoma barua zake mwenyewe. Hakuna aliyemwita zuzu. Maana mjinga ni asiyejua tu, ukimjuza, amepona. Mpumbavu ndiye anayejua shimo liko wapi na bado akatia mguu. Kwa hiyo mimi ni mjinga, tena mjinga halali.

Hoja hiyo nilimtolea mke wangu jioni, nikiwa nimesimama. Nikaimalizia kwa methali: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Yeye alikuwa kapakata ungo, anachambua mchele.

"Sawa, Baba Nuru. Umeshaituma hiyo meseji 15040?"

Hiyo ndiyo namba ya kuwaripotia matapeli wa simu.

"Bado. Nimeanza kwa kumwandikia mwenyewe, kiungwana."

"Nani? Mwizi?"

Nikampa simu asome. Nilikuwa nimeandika: "Habari ya leo ndugu. Samahani, nilikosea namba. Naomba unirudishie hela yangu. Ahsante." Ile "ahsante" niliiweka makusudi, mtu akishashukuriwa huona haya.

Mke wangu akasoma, kidole chake kikateremka. Jibu lilikuwa limekuja muda uleule: "Usijali mzee wangu. Ila ongeza ya kutolea."

Mkono ukasimama juu ya mchele.

"Baba Nuru."

"Naam."

"Usiniambie."

Nikanyoosha mkono kuomba simu yangu. Hakunipa. Alikuwa ameshateremka hadi meseji iliyofuata, ile ya muamala.

"Elfu mbili tu," nikasema.