Jinsi ya Kutalii Pwani Mume na Mke Mkiwa Isiolo

Ramani za mradi wa LAPSSET zinaunganisha Isiolo na bandari ya Lamu, na gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa Mei 2021. Tangu ramani hizo zichorwe, waume wengi wa hapa wamepata ahadi ya bei nafuu: "Barabara ikikamilika, mama watoto, nitakupeleka baharini tulale chomboni." Mke anasubiri. Watoto wanakua, ahadi inazeeka. Mwongozo huu umeandikwa kumwokoa mume huyo na kumfurahisha mke huyo wiki hii hii, kwa sababu Isiolo ina pwani yake. Ni ukingo wa mto Ewaso Nyiro, mwendo mfupi tu kaskazini mwa mji. Una mchanga, una upepo wa jioni, una mikoma yenye shina linalogawanyika matawi, na una mamba. Ufukwe wa Lamu hauna mamba.

Anzeni na chombo. Chombo cha huku ni Land Cruiser yenye hema juu ya paa, ya kukodi au ya shemeji mwenye moyo mzuri. Humo ndimo mtakamopika, mtakamolala na mtakamonuniana, kwa hiyo kubalianeni mapema nani ni nahodha. Kanuni ni moja: mwenye usukani hasomi ramani, na mwenye ramani hakanyagi breki ya hewani kila gari likiyumba. Pakieni jioni ya kuamkia safari: magurudumu mawili ya akiba, jeki na kipande cha ubao wa kuiwekea chini isizame mchangani, sepetu, tochi, na maji ya kunywa mara mbili ya mnavyodhani mtahitaji. Mume akisema maji ni mengi mno, ongezeni dumu jingine.

Chakula kinunuliwe mjini. Nendeni kwa akina mama wa maziwa ya ngamia, ambao baadhi yao wamejiunga katika ushirika wa Anolei. Maziwa yanafika kutoka malishoni yakiwa kwenye madumu yaliyofukizwa moshi ili yasiharibike haraka, na mengine yanapakiwa kwenye mabasi kwenda Eastleigh, Nairobi. Mama mmoja hufungua kifuniko, ananusa, anaonja kwenye kiganja, kisha anaamua dumu hili liende Nairobi na lile libaki. Mwamini huyo kuliko mashine yoyote. Nunueni pia nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa, kisha ikahifadhiwa ndani ya mafuta. Haihitaji friji, na hakuna chakula kinachofaa zaidi kwa watu wanaoishi ndani ya chombo.

Ondokeni kabla ya jua. Shikeni barabara ya Moyale hadi lango la Ngare Mara, mlipe ada, mwingie Hifadhi ya Buffalo Springs kabla joto halijaamka. Mwendo uwe wa mashua, si wa matatu. Wanandoa wanaokimbiza gari wakitafuta simba hurudi na vumbi na ugomvi. Kuna wanyama watano wanaoipa nchi hii jina: punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba, twiga wa madoa yaliyochorwa kama vigae, choroa, mbuni wa Kisomali mwenye shingo na mapaja ya buluu, na swala twiga. Huyu wa mwisho mpeni nusu saa nzima. Hulifikia tawi kwa kusimama wima juu ya miguu ya nyuma, miguu ya mbele ikiwa imekunjwa kifuani, shingo imenyooka, mdomo ukichagua jani dogo katikati ya miiba. Anaweza kuishi muda mrefu bila kunywa, maji yake akiyapata majanini. Zimeni injini, mtasikia anavyotafuna.

Kuoga ni kwenye bwawa la chemchemi, lile lililojengewa ukuta wa mawe. Waongozaji husimulia kwamba shimo lake lilichimbwa na bomu la ndege ya Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Maji ni maangavu na baridi, na mkitoka hapo kila mmoja atamwona mwenzake amepungua miaka kumi. Mtoni msioge kamwe, hata kama maji yanafika magotini na mume anajua kuogelea. Mamba haulizi.

Mchana fuateni mto taratibu, mkisimama kwenye vivuli. Kama ni kiangazi kikali mtakuta mchanga mtupu, na hapo ndipo penye somo kubwa la siku. Tembo jike huchimba kwa miguu ya mbele, anachota mchanga kwa mkonga na kuutupa kando, kisha anasimama kimya akingoja maji yajikusanye na kutulia. Anakunywa polepole. Ndama anasukuma kichwa aingie, na mama anampisha. Akiondoka, wanyama wengine hukitumia kisima kile kile. Nje ya hifadhi, wafugaji nao huchimba visima vya mchanga, na akina mama huchota kwa kikombe mpaka dumu lijae. Mto uliokauka juu bado unalisha watu na mifugo chini, mradi maji yawe yanatoka milimani.

Baada ya hapo mvuke barabara kuu kuelekea mashariki mwingie Shaba, nchi ya mawe meusi ya volkano. Wasioamini kwamba hapa ni mahali pa kuishi nje wakumbushwe kuwa mwaka 2001 Wamarekani walikuja Shaba kurekodi mashindano ya televisheni ya Survivor, washindani wakilala nyuma ya boma la miiba. Nyinyi mna hema na nyirinyiri. Hapa pia ndipo Joy Adamson alipokuwa na kambi yake akimlea chui, na ndipo alipouawa tarehe 3 Januari 1980. Simba jike Elsa, aliyemfanya ajulikane duniani kwa kitabu cha mwaka 1960, alikuzwa Isiolo, ambako mumewe George alikuwa mkuu wa wanyamapori. Wao pia walikuwa wanandoa waliozoea kuishi kambini, na ndoa yao haikuwa shwari. Mchukue hilo kama onyo: gawaneni kazi za kambi kwa haki.

Mbele zaidi mto unaporomoka kwenye maporomoko ya Chanler. Mmarekani William Astor Chanler alipita huku mwanzoni mwa miaka ya 1890 akiwa na wapagazi wa pwani, akitumaini kwamba mto huu unaishia kwenye ziwa kubwa la Lorian. Alikuta kinamasi. Hadi leo Ewaso Nyiro unapita Merti na kuishia Lorian, na kwa kawaida haufiki baharini. Maji yote mtakayoyaona ni ya watu wa njiani.

Jioni ni wakati wa kutia nanga, na hapa sitanii hata kidogo. Laleni kwenye kambi iliyotengwa, mkodi askari wa hifadhi, na msiegeshe gari ndani ya laga, yaani mkondo mkavu wa mto wa msimu, hata kama mchanga ni laini na anga imejaa nyota. Mvua inaweza kunyesha Nyandarua au Mlima Kenya, mbali kabisa na macho yenu, na mafuriko yakawafikia usiku mkiwa mmelala. Machi 2010 mto huu ulifurika ghafla na kubomoa hoteli na kambi za kitalii zilizokuwa ukingoni. Chakula kifungwe ndani ya gari, vioo juu, kwa sababu tumbili wa huku wanafungua mifuko kwa ustadi wa kondakta. Anayetaka kwenda choo usiku amwamshe mwenzake. Kumwamsha mwenzako si aibu, ni utaratibu wa chombo.

Kukipambazuka, kabla ya kuwasha injini, ketini ukingoni wote wawili mtazame kimo cha maji. Mto huu unaanzia Nyandarua na Mlima Kenya, unapita kwenye mashamba ya mboga na maua ya Laikipia na Meru, na huko juu unanyonywa kwa mifereji na pampu, nyingine zenye kibali na nyingine zisizo nacho. Mkulima wa juu naye ana watoto wa kulisha, sina ugomvi naye. Lakini anayefunga maji yote kiangazi anawaacha Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali wa chini wakigombania visima, na ugomvi huo huku huishia kwenye bunduki. Ndiyo maana tangu 2013 wafugaji wamekuwa wakifanya msafara wa ngamia kando ya mto huu, wakitembea siku kadhaa kuutetea na kupinga bwawa lililopangwa kujengwa mahali paitwapo Crocodile Jaws.

Kwa hiyo hatua ya mwisho ya mwongozo huu inafanyika mkisharudi mjini. Jiungeni na chama cha watumiaji maji cha eneo lenu. Serikali ikiitisha mkutano wa wananchi kuhusu bwawa au vibali vya maji ya Ewaso Nyiro, nendeni wote wawili, mume na mke, mketi mbele, na mseme mlichokiona mtoni.