Nafsi Yangu Haina Saidia Fundi

Wazee shikamooni. Vijana, marahaba, hata ambao hamjanisalimia.

Mabibi na mabwana wa Singida mjini, wauza vitunguu, wakamua alizeti, waendesha bodaboda, na wewe uliyeleta kuku mnadani ukanasa kwenye hotuba hii: tulieni, elimu inaingia. Nimetoka Manyoni kuja kuwathibitishia jambo ambalo vyuo vikuu vimelikwepa. Nafsi ya mtu hujengwa na mwenyewe. Jamii haichangii hata tofali. Yangu nimeijenga peke yangu, bila fundi wala saidia fundi, ndiyo maana imesimama hivi mnavyoiona.

Shahada zangu sitazitaja. Uprofesa nilitunukiwa na vijana wa kijiwe cha kahawa kule Manyoni, kwa kauli moja, baada ya kuwanunulia kashata. Tangu hapo natembea taratibu, mikono nyuma, na miwani naivaa hata usiku. Hayo ni maamuzi yangu binafsi.

Wapo waliopinga nadharia yangu kabla sijaitoa. Mmarekani Charles Horton Cooley alidai mwaka 1902 kwamba watu wanaotuzunguka ni kioo: mtu hukisia wanavyomwona, kisha anaona fahari au haya kulingana na makisio hayo. Mimi sihitaji kioo cha watu, nina cha pikipiki. Akaja George Herbert Mead wa Chuo Kikuu cha Chicago, akasema mtoto hujifunza kuwa mtu kwa kucheza nafasi za wengine, leo mama, kesho polisi. Uongo. Mimi kwenye mchezo wa baba na mama nilikataa kuwa baba, nikacheza mkuu wa wilaya. Isitoshe, kitabu chake maarufu kilitoka mwaka 1934 akiwa ameshafariki, kimeunganishwa na wengine kutoka kwenye kumbukumbu za mihadhara yake. Mtu hata kitabu ameandikiwa na watu, atajuaje habari za kujitegemea?

Serikali nayo ilijaribu. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa mwaka 1963, lilininyoa kipara, likanikimbiza mchakamchaka katikati ya Mmakonde na Mhaya, nikatoka namwita kila mtu ndugu. Hiyo si jamii, hayo ni mafunzo.

Mtasema jina. Kweli, alipozaliwa binti yangu wa kwanza nikawa Baba Neema, na jina la kwenye kitambulisho likabaki kitambulishoni. Juzi benki mhudumu aliliita mara tatu, nami nikawa nageuka nyuma nimwone huyo mzembe asiyeitika. Kusahau ni ishara ya akili kubwa.

Mtasema umri. Nilikuwa kijana mpaka asubuhi ile kondakta wa basi la Itigi, jitu zima lenye ndevu zake, aliponipa shikamoo. Nilipanda kijana nikashuka mzee; goti lilianza kuuma tulipofika Aghondi. Ila hilo ni suala la mifupa, tuwaachie madaktari wengine.

Kuhusu kabila niko imara kabisa. Manyoni mimi ni mjukuu wa mzee fulani wa Kilimatinde, na ukoo mzima unanijua mimi pamoja na madeni yangu. Nikifika hapa mjini, ninyi Wanyaturu mnaniita Mgogo, nami najikuta nautetea Ugogo ambao nyumbani naweza kumaliza mwezi sijaukumbuka. Nikishuka Dar es Salaam nageuka Mnyaturu, maana mtu wa Dar akisikia Singida anawaza kuku, alizeti na Mnyaturu, basi. Ukimweleza kwamba Manyoni kuna Wagogo, Itigi Wakimbu, Kiomboi Wanyiramba na Mkalama kuna hadi Wahadzabe, anakuuliza kuku bei gani. Kabla wiki haijaisha pale Kariakoo, nilikuwa nataja bei. Jirani yangu alikwenda Nairobi, akasifiwa Kiswahili kitamu. Amerudi anaongea na mkewe kama anasoma taarifa ya habari. Udhaifu wake huo.

Wabaya wangu hasa ni watani. Wagogo tunataniana na Wanyamwezi, ambao misafara yao ya karne ya 19 ilikatisha Ugogo na mababu zetu wakaitoza hongo. Na Wahehe tulipigana kwanza, tukaja kutaniana baadaye. Sasa baba yangu mdogo alipofariki, mtani mmoja aliingia msibani na koti la marehemu, kofia imelalia jicho la kushoto, akakohoa kile kikohozi chake cha kuombea kahawa ya bure, kisha akaanza kuchokoachokoa shamba kwa fimbo: “Huu uwele mmeupanda au umejiotea?” Watu walicheka machozi yakiwatoka. Mjane akanyanyua uso, akasema, “Ndiye huyo.” Mzee yule alikufa akijijua ni mtu mkali anayeogopwa, kumbe kijiji kilikuwa kimehifadhi kikohozi.

Nilikasirika kitaaluma. Nikamvuta mtani pembeni, nikampa elfu tano anionyeshe mimi atakavyoniigiza siku yangu ikifika. Akatembea taratibu, mikono nyuma. Nikamwomba aongeze miwani.

Sasa maswali. Yule Mnyamwezi aliyekalia ndoo ashushe mkono, mtani haulizi swali, anafanya mazoezi. Wengine mtakaouliza, anzeni na “Profesa”, na mseme kwa sauti, maana Mama Neema yuko pale kwenye vitunguu na nataka asikie.