Pete ya Shemeji na Mali ya Mjerumani

Hapa Bunju ukisema unatafuta kiwanja, utaulizwa kama kina hati. Ukisema unatafuta fundi, utaulizwa bajeti. Mimi nimesema natafuta mashine ya kugundua metali, ya kutumia ufukweni na kwenye maji yasiyozidi kiuno, na kila niliyemwambia amesogeza kiti, akashusha sauti: "Mjerumani alificha upande gani?"

Mjerumani hahusiki. Anayehusika ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, aliyekwenda kuogelea Mbweni sikukuu ya Idi akarudi kidole kitupu. Wenzetu wa nchi za baridi wana kisingizio cha heshima: maji yakipoa kidole husinyaa, pete ikateleza. Maji ya Mbweni siku ile ungeweza kumwogeshea mtoto mchanga. Shemeji alikuwa amejipaka mafuta ya nazi mpaka vidoleni, basi. Mkewe amehamia chumba cha watoto, na mama mkwe kanipigia simu mimi, eti kwa kuwa ndiye mwenye nafasi.

Nikapanda daladala hadi Kariakoo, safari inayomtosha mtu kutubu dhambi zake na za majirani. Dukani kijana mmoja mwenye adabu zake akaniamkia, akanipa kigoda, akaniletea mashine ya njano. "Hii, mzee, inashika dhahabu mpaka futi sita."

Nikamuuliza, na chumvi je?

Akanitazama kwa huruma. "Chumvi utaipata duka la pili, mzee."

Hapo ndipo kilio changu kilipo. Kila mtu anataka kuzungumzia dhahabu, hakuna anayetaka kuzungumzia chumvi, na ufukweni chumvi ndiyo habari yenyewe. Mashine hizi zina sahani ya waya chini, inayotuma nguvu ya sumaku ardhini na kusikiliza kinachojibu. Metali hujibu kwa kuwa inapitisha umeme. Sasa na maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme! Kwenye mchanga mkavu mashine ya bei rahisi hutembea kimya na adabu. Ishushe pale mchanga ulipolowa, mawimbi yanapokuja na kurudi, itapiga kelele mfululizo kama kondakta wa daladala ya Makumbusho. Na kama mchanga una chembe nyeusi nzito, mambo huzidi. Usiniambie hatuna: huko Fungoni, Kigamboni, kuna mchanga mzito wenye ilmenaiti hadi kampuni za madini zimeufuata. Mashine inayotumia masafa mamoja ukiituliza kwa chumvi, mchanga mweusi unaiamsha. Ukiituliza kwa mchanga mweusi, chumvi inaiamsha. Ndiyo maana wajuzi wa fukwe hununua inayotuma masafa mengi kwa wakati mmoja, ikalinganisha majibu, ikaitoa chumvi kwenye hesabu.

Kuna na aina ya mapigo. Hii hupiga pigo kali la sumaku, inazima, kisha inasikiliza mwangwi. Mwangwi wa chumvi hufa haraka, wa pete huchelewa kidogo, kwa hiyo mashine inasubiri chumvi inyamaze ndipo itege sikio. Ufundi mzuri sana. Ubaya wake ni kwamba mkufu mwembamba wa dhahabu nao hunyamaza mapema, ukapitwa, na kwa sehemu kubwa mashine haijui kubagua: msumari wa boti, ndoana, nati ya injini, vyote kwake ni harusi. Mbweni ni pwani ya wavuvi. Ningechimba misumari hadi nipewe kadi ya chama cha maseremala.

Binamu yangu aliyeko Chunya aliposikia akacheka. Ananiazima ya kwake, ile Minelab GPX wanayozunguka nayo wachimbaji wadogo kutafuta vipande vya dhahabu porini. Namshukuru. Lakini ile imetengenezwa kwa ajili ya udongo mwekundu wa nchi kavu, na boksi lake halitaki kuonana na maji. Wimbi moja la Kusi, nami nitakuwa na deni la ng'ombe. Watu wanadhani mashine ikikaa nusu saa na sahani yake ndani ya maji, basi yote inaweza kuogelea. Sahani karibu zote huzama bila tatizo. Kinachokufa ni boksi la betri. Na zile spika za masikioni zisizo na waya, ukiuzamisha mwili wa mashine chini ya maji zinakata, maana redio haipiti kwenye maji ya bahari. Hilo dukani hutaambiwa. Utaambiwa "inakuja na hedifoni".

Mke wangu akauliza swali la kike, yaani la akili: si unaiambia tu ikatae takataka? Laiti. Pete ndogo ya dhahabu, kwa namba zinazotokea kwenye kioo cha mashine, imekaa jirani kabisa na kishikizo cha kopo la bia na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ukikataa vishikizo, umeikataa ndoa ya shemeji. Chuma unaweza kukikataa, ila jua kwamba sarafu yetu ya shilingi 500, iliyotoka 2014, ni chuma kilichopakwa nikeli, hivyo huenda ukaikanyaga ukaiacha. Yatakayobaki ni kuchimba, kuchekecha, kutukana. Hata Alexander Graham Bell, yule wa simu, 1881 alipeleka mtambo wa namna hii kitandani kwa Rais Garfield wa Marekani kutafuta risasi mwilini. Hakuipata, na husemwa kwamba springi za kitanda zilimvuruga. Yeye alikuwa na kitanda kimoja. Mimi nina ufukwe uliopikiwa mishikaki Idi nzima.

Aliyenisaidia kweli ni mvuvi mmoja mzee niliyemkuta anashona nyavu. Nikamwamkia, nikaeleza. Akauliza shemeji alioga saa ngapi. Nikampigia: baada ya alasiri, saa kumi hivi, maji kiunoni. Mzee akaweka sindano chini. Idi el-Fitri ni mwezi mwandamo, mwezi ukiandama maji ni ya bamvua, na kwenye bamvua huku kwetu saa kumi bahari imejaa hadi pomoni. Saa nne asubuhi pale pale pamekauka, mtu anapita na baiskeli. Kwa hiyo pete haiko baharini. Iko kwenye mchanga uliolowa, inangoja bamvua nyingine, isipokuwa Kusi ikianza kuvuma itahamisha mchanga na pete itazidi kuzama. Muuzaji wa futi sita hakuniuliza hata saa.

Basi nimejua ninachokitaka: masafa mengi, boksi lisiloogopa maji hata ya mita 3, sahani isiyo kubwa mno, na chekeche la bati lenye mpini. Bei ya mashine ya namna hiyo ni milioni mbili na ushee, kabla ya usafiri na ushuru. Pete, shemeji anakiri kwa kunong'ona, ilinunuliwa laki nne. Mkewe anaamini ni milioni. Tumekubaliana hesabu hiyo isifike chumba cha watoto.

Habari lakini imeshafika mtaani. Jirani yangu mstaafu kaja jana na mkoba. Anajua mambo yake: ananiambia Mjerumani 1916 aligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora, zenye picha ya tembo, na hilo ni kweli. Ananitajia Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 na dinari za dhahabu, na hilo nalo ni kweli, ila waliozipata walikuwa watafiti wenye kibali. Nikamwonya. Hapo Kunduchi tu kuna magofu na makaburi ya kale yaliyopachikwa sahani za Kichina, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, huchimbi bila leseni.

Akafikiri. "Mjerumani aliingia lini?"

Nikasema 1885.

Uso ukamng'aa. Nikamweleza haraka kwamba hiyo haina maana uchimbe uwanja wa watu, lakini tayari alikuwa ameshatoa ramani mkobani, imechorwa kwenye karatasi ya daftari, ina mbuyu, ina msalaba, ina mshale unaoelekea choo cha shule. Anataka nitie sahihi kwamba tutagawana nusu kwa nusu, na betri ni juu yangu.