Namna ya Kumeza Hasira Bila Maji

Anayeanza kazi hii ajifunze kwanza neno “sawa”. Mume karudi saa saba usiku bila maelezo: sawa. Bosi kakata posho: sawa. Litamke polepole, macho ukiyaelekeza ukutani. Sawa iliyosemwa vizuri humfanya aliyeisikia alale jicho moja wazi.

Hasira ikishashuka kooni, usiiwaze tena. Hapa wengi hukwama. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliwakataza wanafunzi kumfikiria dubu mweupe, akawaambia wagonge kengele kila akiwajia. Kengele hazikutulia. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Na hao walikuwa na dubu tu. Wewe una wifi.

Hasira ya ofisini hupanda daladala ileile unayopanda wewe, ikashuka nawe kituoni. Konda akichelewesha chenji ya mia mbili, mtolee maneno ya posho yote iliyokatwa. Konda hujibu, kwa hiyo ni afadhali kusubiri ufike nyumbani, kwa dada wa kazi au mtoto aliyemwaga chai. Hao hawajibu. Mtoto atashangaa kidogo kwamba kikombe kimoja kina uzito huo, lakini atazoea.

Usiku weka statasi: “Wapo watu…” na nukta tatu. Wataisoma watu 180, kila mmoja akidhani ni yeye, isipokuwa mlengwa, ambaye simu yake imeisha chaji. Bibi zetu walikuwa na ustadi zaidi. Walichagua kanga yenye jina linalofaa, wakapita nayo mlangoni kwa jirani bila kufungua kinywa. Angalau jirani alisoma.

Mwanaume na ajikaze kisabuni. Msibani kazi hazikosi: kuchimba kaburi, kufunga turubai, kufuata mchele. Machozi yakikulenga, lalamikia moshi wa kuni. Hofia siku ya nne tu, mikeka ikishakunjwa na viti vya kukodi vikarudi kwa mwenyewe, hakuna tena cha kubeba, na moshi hakuna.

Zaidi ya yote, jihadhari na mabenchi. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mpango na kina bibi 14 huko Mbare, Harare, wakakaa kwenye benchi karibu na kliniki wakisikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Wazo hilo limekwisha vuka bahari hadi Zanzibar, kwa hiyo usijidanganye kwamba uko mbali. Hatari yake ni kwamba bibi wa aina hii akishauliza, hunyamaza. Hakupi pole ya haraka ukaondoka nayo. Anakungoja. Mtu hodari kabisa wa “sawa” anaweza kujikuta ameeleza habari za posho, za wifi, na za siku ya nne.

Ukimwona kakaa, akikuita “mjukuu wangu, hujambo?”, sema sijambo, mwamkie shikamoo, na usipunguze mwendo.