Namna ya Kuwa Nesi Ujiji Kabla Hujawa Nesi

Anza kwa kumwambia mtu mmoja tu. Mchague vizuri: shangazi yako, au mama yeyote anayeuza mawese karibu na kituo cha daladala. Mwambie kwa sauti ya chini kwamba umeomba chuo cha uuguzi na hutaki ijulikane. Kabla ya magharibi Ujiji yote, kutoka sokoni hadi mwaloni, itakuwa imeshakuajiri. Mzee wa nyumba ya pili atakuja na karatasi ya vipimo iliyokunjwa mpaka imechanika katikati. Mama mwingine ataleta mtoto mwenye upele. Wa tatu atauliza kama dawa ya minyoo ya mbuzi inamfaa binadamu mwenye umbo kubwa. Hongera, umeshakuwa daktari wa mtaa. Kilichobaki ni mambo madogo madogo: kudahiliwa, kusoma miaka mitatu, kufaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga na kupewa leseni. Mwongozo huu unahusu hayo madogo.

Kwanza, vyeti. Stashahada ya uuguzi na ukunga inamtaka aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa walau D nne katika masomo yasiyo ya dini, na humo lazima ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza ya kukupendezesha. Sasa wewe uliikimbia Fizikia ulipofika kidato cha tatu, ukitangaza kwamba nesi hana haja na mambo ya msukumo na mtiririko. Sawa. Siku moja utakabidhiwa chupa ya dripu ya lita moja, uambiwe iishe kwa saa nane, na seti uliyopewa inadondosha matone 20 kwa kila mililita. Jibu ni matone 42 kwa dakika. Utalitafuta kichwani, mgonjwa akikutazama, mama yake akikutazama, na kalamu imekwisha wino.

Maombi ya kozi za afya hupitia mfumo wa pamoja wa udahili wa NACTVET, kwenye intaneti. Hapa ndipo Ujiji inapokuletea kijana wa steshenari. Ni mtu mwema na anajua kila kitufe. Mwachie ajaze namba yake ya simu badala ya yako, atumie barua pepe yake, atunge nywila anayoijua yeye, kisha afunge duka aende Kasulu kwenye harusi. Majibu yatatoka, ujumbe utaingia kwenye simu yake, naye atakuwa anacheza ngoma. Ukipenda njia isiyo na raha kama hiyo, andika namba yako mwenyewe, fungua barua pepe yako mwenyewe, na nywila iandike kwenye daftari ambalo mdogo wako hachani karatasi za kuwashia mkaa.

Halafu majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma Ramadhani. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwajuma Ramadhan. Kitambulisho cha NIDA kinasema Mwajuma Ramazani, kwa sababu babu alivuka ziwa kutoka Kongo na huko ndivyo wanavyoandika. Kwenu nyumbani huyo ni mtu mmoja anayekula sahani moja, lakini kwenye mfumo hao ni wasichana watatu wanaogombea nafasi moja. Usihangaike kwenda kwa wakili kula kiapo cha jina mapema; ngoja wiki ya mwisho, wakili atakupokea kwa furaha na kwa bei inayolingana na wiki hiyo. Na kama unataka mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambao tangu mwaka wa masomo 2023/2024 unatolewa pia kwa wanafunzi wa stashahada na kozi za afya zimo, kumbuka cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA. Nacho kina jina lile lile lenye utata.

Kuchagua chuo kusikuchukulie muda. Mtu makini angeanza kuangalia vya karibu, kwa mfano Kabanga kule Kasulu, chuo na hospitali vikiwa sehemu moja. Wewe jaza Newala kwa kuwa jina lina mvuto. Newala iko Mtwara, upande wa mto Ruvuma. Utapanda treni mwisho wa reli, uivuke nchi nzima hadi Dar es Salaam, kisha uanze safari.

Ukichaguliwa, utapewa fomu ya kujiunga. Isome baba yako akiwa amekaa, maana orodha ya mahitaji haijui haya: sare nyeupe, viatu vyeusi visivyo na kisigino, gambuti, aproni ya mpira, saa yenye mshale wa sekunde, kipimajoto, rimu za karatasi, ufagio, ndoo. Baba atauliza kama unakwenda kusoma au kufungua duka. Mkumbushe kwamba mji huu unajua yanayompata tabibu asiye na vifaa. Mgonjwa wetu maarufu kuliko wote, David Livingstone, alipata leseni yake ya tiba Glasgow mwaka 1840, lakini sanduku lake la dawa lilitoroshwa na wapagazi mwaka 1867, na alipofika Ujiji mwaka 1869 alikuwa hoi. Miaka miwili baadaye mwandishi wa habari Stanley alimkuta hapa hapa, mifupa mitupu, bidhaa zake zikiwa zimeuzwa na mtu aliyepewa kuzitunza. Baba atanunua saa. Ufagio atauliza kama hauwezi kutoka nyumbani.

Sasa wodini. Ulikuja kuchoma sindano. Picha uliyopiga siku ya kwanza ya sare inaonyesha hivyo. Lakini utaanza kwa kufuta vumbi kwa kitambaa kibichi, na ukimaliza utatandika vitanda. Kutandika kitanda cha hospitali ni somo zima, lina mtihani, na lina watu waliolia kwa ajili yake. Shuka ya chini inavutwa hadi inakaza. Kona zinakunjwa kwa pembe ya nyuzi 45. Mdomo wa foronya unatazama upande usio na mlango. Magurudumu yanaelekea upande mmoja. Sista atapitisha kiganja juu ya shuka, na akihisi mkunjo mmoja, atakivua kitanda chote bila neno na kuondoka. Utamchukia kwa wiki kadhaa. Kisha utamgeuza mgonjwa ambaye nyumbani alilala ubavu mmoja bila kugeuzwa, utaona kidonda kwenye nyonga kinachoingia ndani, na utajua mkunjo wa shuka unafanya nini kwenye ngozi ya mtu asiyeweza kujigeuza. Kumgeuza ni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Hakuna sindano ya kazi hiyo.

Kupima mapigo na pumzi kuna hila ambayo ni halali kabisa. Shika mkono wa mgonjwa, hesabu mapigo kwa dakika nzima, kisha usiuachie. Endelea kuushika kana kwamba bado unahesabu mapigo, huku jicho likiwa kifuani, uhesabu pumzi. Mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa, huanza kupumua kama anayepigwa picha. Wapo wanafunzi wanaoandika 20 kwa kila mgonjwa, wodi nzima, zamu baada ya zamu. Ni namba nzuri, haina ugomvi na mtu. Tatizo lake ni kwamba hata aliyefariki alfajiri anaweza kukutwa nayo kwenye chati.

Jambo jingine la kujiandaa nalo ni lugha. Utafundishwa kwa Kiingereza, utaandika ripoti kwa Kiingereza, na mgonjwa wa kwanza atakuwa bibi wa Kiha ambaye anataka kwanza umwamkie. Mwambie “Mwidiwe, bibi,” ukiwa umeinama kidogo, ndipo uulize kinachouma. Ukianza na tumbo kabla ya salamu, atakwambia hana tatizo lolote, anapumzika tu.

Kuna kitabu cha mazoezi chenye orodha ya kazi, na kila kazi inataka sahihi ya msimamizi. Kitabu hiki kitakufanya mtu mbaya. Utaombea kidonda kifunguliwe kwenye zamu yako. Utasikia kuna mgonjwa anahitaji mpira wa mkojo na moyo utaruka kwa furaha. Utamfuata msimamizi kantini, kwenye ngazi, mpaka mlango wa choo, kalamu mkononi. Leba ndiyo penye foleni ndefu, kwa sababu kila mwanafunzi anatakiwa kushuhudia na kuzalisha idadi iliyopangwa, na watoto hawazaliwi kwa ratiba ya chuo.

Hasa kama wewe ni mvulana, jiandae na mahojiano. Unaingia saa nane ya usiku na kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto, umbo la tarumbeta ndogo. Mama anakutazama kuanzia viatu.

“We mtoto, umeoa?”

“Bado, mama.”

“Una mtoto hata wa nje?”

“Sina, mama.”

“Basi niitie aliyewahi kuzaa.”

Mkunga aliyewahi kuzaa amesimama nyuma yako, anakwambia endelea. Unainama, unaweka sikio, unahesabu dakika nzima: 144. Kawaida ni kati ya 110 na 160. Mama ananyamaza ghafla, anauliza, “Mzima?” Unasema mzima. Anakukamata mkono, na kuanzia hapo hadi alfajiri huo mkono si wako tena. Utaandika chati kwa wa kushoto. Mtoto akitoka, utasikia ukitajiwa alama za Apgar za hali yake, dakika ya kwanza na ya tano. Na ile sindano uliyoitamani tangu mwaka wa kwanza hatimaye inafika: oksitosini yuniti 10, kwenye paja la mama, ndani ya dakika moja, baada ya kupapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha. Itakwisha kabla hujaifurahia, kwa sababu macho yote yako kwenye damu, inatoka kiasi gani.

Wenye kiu ya matukio makubwa wawaulize waliokuwa kazini Mei 2015. Wakimbizi kutoka Burundi walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, meli ya Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini, na kipindupindu kikaja nao. Dawa iliyookoa wengi ilikuwa maji yenye chumvi na sukari kwa uwiano sahihi, dripu kwa waliozidiwa, klorini, ndoo, na mikono inayooshwa bila kuchoka. Na ndoo ni ile ile baba aliyoiona kwenye fomu akadhani ni ya usafi wa bweni.

Likizo ndiyo sehemu ngumu ya mafunzo, na hakuna mkufunzi anayeifundisha. Unarudi Ujiji, na shangazi anajua ulikuwa mazoezini Hospitali ya Maweni, na anajua jirani yake alilazwa Maweni. Hatauliza siku ya kwanza. Atakukaribisha ugali wa muhogo na migebuka, atakupa kipande cha kichwa, atakusifu umenenepa. Halafu: “Eti yule mama alilazwa na nini?” Ukisema hujui, atacheka. Ukisema huruhusiwi kusema, atasema, “Sisi tunajua, tunataka tu uhakika.” Hiyo ni mbinu ya zamani na imewaangusha wengi. Jibu ni moja: “Muulize mwenyewe, shangazi.” Atanuna. Atawaambia watu chuo kimekuharibu. Yule mama aliyelazwa atazisikia habari hizo kabla ya swala ya alasiri, na siku mwanawe akiugua, atakutafuta wewe.

Wale wateja wako wa mwanzo nao bado wapo kibarazani. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na kuwa na leseni, na hakuna kifungu kinachomtoa jirani wa mzee wa nyumba ya pili. Mpeleke Kituo cha Afya Ujiji. Atakwambia mbona pale kuna foleni, na wewe uko hapa huna foleni. Mshike mkono, mpeleke. Mama wa mbuzi umwelekeze kwa bwana mifugo.

Mwishoni kuna mazoezi ya jamii, huduma ya mkoba. Mnapanda boti Kibirizi asubuhi kwenda vijiji vya kaskazini, tuseme Mwamgongo, na wewe mwanafunzi unapewa kisanduku cha chanjo. Ndani lazima pawe kati ya nyuzi 2 na 8. Joto likizidi chanjo zinaharibika. Na nyingine, ya pepopunda kwa mfano, zikiganda zimekwisha vile vile. Kikalie karibu, kivulini, kifuniko kimefungwa, na vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha anakucheka. Kabla boti haijafika nusu ya safari, mtu atakuomba kwa heshima zote umwekee humo migebuka yake miwili, ni mibichi, jua kali, na wewe una barafu. Kataa, na umpe pole. Atawageukia wenzake aseme ndiyo hawa manesi wa siku hizi. Nawe geuza uso utazame hifadhi ya Gombe, kisanduku kikiwa katikati ya magoti.