Siku Tatu, Basi

Tony Robinson, mwigizaji Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1946, alijulikana kwanza kama Baldrick, mtumishi mchafu na mpumbavu wa vichekesho vya Blackadder. Mwaka 1994 Channel 4 ikamkabidhi Time Team, kipindi cha akiolojia. Hakuwa mwanaakiolojia, na pengine ndiyo ilikuwa sifa yake kuu, maana asiyejua haoni haya kuuliza.

Sharti lilikuwa moja: siku tatu, basi. Kazi ambayo chuo kikuu kingeiombea fedha miaka mitatu, hapa ilitakiwa kwisha kabla wapiga picha hawajafungasha vifaa. Katapila likikwangua udongo wa juu, Robinson alikimbia toka shimo hili hadi lile akiwahimiza wasomi. Profesa Mick Aston, ndani ya sweta la rangi zote za upinde wa mvua, na Phil Harding, chini ya kofia chakavu, walipiga magoti matopeni wakibishania kigae kisichozidi ukucha. Tangazo la biashara likaingia.

Mwaka 2004 Robinson alitangaza kipindi kingine, kuhusu kazi duni za kale, akakanyaga sufu kwenye mkojo uliovunda. Baldrick angejiona yuko nyumbani.

Aston alijiondoa Time Team mwaka 2012, akilalamika kwamba akiolojia imepunguzwa. Shutuma nzito kidogo kwa kipindi cha akiolojia. Mwaka uliofuata Robinson akawa Sir. Vipindi vipya vya Time Team vilitoka YouTube mwaka 2022 kwa michango ya mashabiki, muda wa kuchimba ukiwa uleule.